Posa ya Fleti Namba Kumi na Moja

Kanuni za Jengo la Utulivu, huko Mtoni Kijichi, zilikuwa arobaini na saba, na zote zilibandikwa ukutani pale chini kwenye ngazi, zimefunikwa plastiki ngumu zisilowe wala zisichanwe. Aliyeziandika ni Mzee Saifuddin, mwenyekiti wa kamati ya wenye fleti, mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chang'ombe na mashine yake mwenyewe ya laminesheni nyumbani. Majirani walisema mashine ndiyo iliyotangulia, kanuni zikafuata ili nayo ipate kazi.

Kanuni ya kumi na mbili ilikataza kufuga kuku kwenye roshani. Kipengele cha (b) kikaongeza bata. Cha (c) kikaongeza kanga. Cha (d) kilisema "wala ndege au mnyama mwingine yeyote ambaye mwenye fleti namba tano atamfikiria." Mwenye fleti namba tano alikuwa Mzee Mwinjuma, Mzaramo aliyeijua Temeke tangu barabara zake ni za mchanga, na ndiye huyo huyo katibu wa kamati. Kipengele cha (d) alikiandika kwa mkono wake kwenye muhtasari wa kikao, bila kinyongo chochote, huku jogoo wake akiwika juu ya feni mbovu.

Lakini iliyomkosesha Mwajabu usingizi ni kanuni ya thelathini: "Mwenye fleti anayetaka kupangisha atafika mbele ya kamati yeye mwenyewe, pamoja na mpangaji anayemtaka, naye atajieleza." Ya thelathini na moja ndiyo ikammaliza kabisa: "Fleti isiyo na mpangaji aliyekubaliwa, kamati itaitafutia mpangaji."

Kujieleza. Mwajabu alikuwa na miaka ishirini na sita, na stashahada ya maabara aliyoipata kwa alama nzuri, lakini mbele za watu sauti ilimkimbia kama paka aliyemwagiwa maji. Siku moja dukani alitaka sukari, muuzaji akaanza kumpimia chumvi, naye akaona haya kumkatiza. Alirudi nyumbani na kilo mbili za chumvi. Wiki iliyofuata ikawa vile vile, maana muuzaji sasa alishamjua kuwa ni mteja wa chumvi.

Fleti namba kumi na moja aliachiwa na bibi yake mzaa mama. Ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na roshani iliyojaa makopo ya rangi yaliyopandwa asumini, mirehani na kilua kimoja kikaidi ambacho bibi alikisemesha kila asubuhi. Bibi alipofariki, Mwajabu akaendelea kukisemesha yeye. Kilua kilikuwa msikilizaji mzuri. Sasa Mwajabu amepata kazi kwenye maabara ya hospitali Mwanza, anatakiwa aondoke Jumanne, na kopo halipandi basi.

Watu saba walikuja kuiona nyumba. Wa kwanza aliuliza gari litalala wapi. Wa tatu alisema makopo yakitolewa patatosha jenereta. Wa sita aliyahesabu, akauliza kama kuna anayenunua chuma chakavu. Wa saba alikuwa Tusajigwe, nesi wa zamu za usiku aliyekuwa akiishi Chanika na kupoteza nusu ya maisha yake njiani. Hakuingia chumbani wala jikoni. Alikwenda moja kwa moja roshani, akachomeka kidole kwenye udongo wa kilua.

"Huyu ana kiu," akasema.

Mwajabu akamwambia papo hapo kwamba nyumba ni yake. Alisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi aseme tena.

Kilichobaki ni kamati, na kamati ilikuwa na mtu wake. Jengo zima lilijua kwamba Mzee Saifuddin ana mpwa, Abuzar, na kwamba mjomba mtu amekwisha kupanga: namba kumi na moja ikikosa mpangaji, Abuzar ataweka humo mashine nne za kukimbilia, wanene wa Kijichi waje wakimbie bila kwenda popote. Ya tano ingekaa roshani.

Ijumaa jioni Mwajabu akampigia simu shangazi yake, Mwanakombo wa Kiwalani, akamweleza yote huku akilia kidogo. Shangazi Mwanakombo alikuwa mshenga. Alikuwa amepeleka posa thelathini na moja na zote zikakubaliwa, ingawa mbili kati ya hizo zilikuwa za watu wale wale, walioachana katikati. Asubuhi yake akatokea Kijichi na kapu.

"Mwanangu, unalilia nini?" akauliza kabla hajakaa. "Si umesema kuna mwenye mali, kuna anayeitaka, na kuna wazee wa kukubali? Hiyo kitu mie naijua toka sina mvi. Hiyo posa."

"Shangazi, ni fomu namba sita ya kamati."

"Fomu gani. Niletee leso nyeupe."

"Halafu wanataka nijieleze mwenyewe."

"Wewe ambaye madrasa ulikuwaga unafungua mdomo tu, wenzio ndo wanasoma? Utakaa pembeni yangu, utainamisha kichwa. Nitasema mie. Ulishaona wapi mwenye mali anajisemea?"

Basi shangazi akakaa mezani, akaandika kwa mwandiko wa mikia mirefu: "Kwa heshima na taadhima, tunaomba kuja mbele yenu tukiwa na nia njema kwa binti yenu aliyeko ghorofa ya tatu, mwenye vyumba viwili, sebule, jiko na upepo wa mashariki. Mwombaji ni Tusajigwe, nesi, mwenye adabu zake." Akaikunja karatasi kwenye leso, akaifukiza udi, akampelekea mwenyekiti juu ya sahani ya kashata.

Mzee Saifuddin alikuwa amepokea maombi mengi maishani mwake kama mwenyekiti, lakini hakuna hata moja lililonukia. Aliisoma barua mara mbili. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyofanya kwa kila karatasi aliyoiheshimu, akaiingiza kwenye mashine ya laminesheni pamoja na leso yake. Mashine ilitoa sauti ya mtu anayemeza embe zima, ikanyamaza, na ngazi zote za jengo zikanukia udi mpaka kesho yake. Jibu likaja kwa simu: waje Jumapili baada ya alasiri, kwenye maegesho.

Jumapili hiyo viti vya plastiki vilipangwa kati ya gari bovu la namba nane na tangi la maji. Upande mmoja walikaa Mzee Saifuddin na jalada lake, Mzee Mwinjuma na daftari la muhtasari, na Abuzar, kijana mrefu mwenye miwani, aliyeangalia viatu vyake kana kwamba amevipata njiani na anamtafuta mwenyewe. Wenye fleti wengine walikuwa wametoka kwenye roshani zao na chai mikononi.

Tusajigwe alifika ametoka kazini moja kwa moja, zamu mbili mfululizo, macho mekundu. Shangazi akamvika kanga juu ya sare na kumwelekeza kiti.

"Wewe ndiye bwana harusi," akamnong'oneza. "Bwana harusi haongei. Kaa hapo."

"Kwetu Tukuyu bwana harusi anaongea, mama."

"Huku Pwani. Kaa."

Tusajigwe akakaa, na kwa uso wa mtu aliyepewa amri aliyokuwa akiingoja siku nzima, akafumba macho.

Mwajabu naye aliketi kando ya shangazi, mikono mapajani. Alijiambia kwamba saa moja tu itapita na hatatakiwa kusema neno. Shangazi akasimama hatua sita kutoka walipo wazee, wanaonana vizuri kabisa, akapiga hodi.

Mzee Saifuddin akafungua jalada. "Kwa mujibu wa kanuni ya thelathini, mmiliki—"

"Nani huyo anayepiga hodi?" Mzee Mwinjuma akauliza, akitazama pembeni kama mtu aliye ndani ya nyumba.

"Si huyo hapo?" mwenyekiti akashangaa. "Unamwona."

"Mwenyekiti, subiri. Wameanza." Mzee Mwinjuma akalifunga lile jalada taratibu, kama anayemfumba mtoto macho. "Hodi bila kifungua mlango haisikiki vizuri huku ndani."

Shangazi akatoa kashata mbili. Mzee Mwinjuma akaonja moja, akatafakari, akampa mwenyekiti nyingine. "Sasa imesikika. Karibuni. Mmepita njia hii mmeona nini?"

"Tumeona ua," akasema shangazi, sauti ikalainika kama samli.

"Maua huku yako mengi. Lipi?"

"La ghorofa ya tatu. Limetulia, halina makelele, kila asubuhi jua linaliamkia usoni."

Roshani za juu zikaguna kwa kuridhika. Mwajabu, kichwa kimeinama, akaona kwamba jengo zima linaijua kazi hii. Watu hawa walikuwa wameshindwa vikao vitatu kukubaliana nani azoe taka, na sasa walikwenda pamoja kama kwaya. Hata Mzee Saifuddin, aliyeanza na uso wa karani, alikuwa amesogeza kiti mbele.

"Sisi kwetu pia tunachunguza," akasema. "Huyu mwombaji, anakotoka ana nyumba nyingine?"

"Ana chumba Chanika."

"Ataviweka vyote viwili?"

"Cha Chanika anakiandikia talaka mwisho wa mwezi."

"Vizuri. Maana sitaki yetu iwe mke wa pili. Ugomvi wake?"

"Hana. Amechoka mno kugombana. Mtazame."

Wakamtazama. Tusajigwe alikuwa ameegemea gari bovu, mdomo wazi kidogo. Wazee wakakubaliana kwamba ni mtu mwenye haya.

"Ila kitu kimoja sijaelewa," akasema Mzee Mwinjuma, kalamu hewani. "Wewe Bi Mwanakombo ni shangazi wa mwenye fleti. Halafu umemletea posa mwombaji. Sasa niandike uko upande gani?"

"Mie niko upande wa ndoa."

Akaandika hivyo hivyo.

Mambo yalikuwa yananyooka, na Mwajabu alishaanza kupumua, ndipo Mzee Saifuddin alipokohoa na kuvuta shati lake chini.

"Wageni wetu, tumewapenda," akasema. "Lakini mnajua desturi. Ua likiwa zuri haliji kuombwa na mtu mmoja. Hata hapa ndani ya familia yupo kijana. Mpole, hanywi, hana makuu. Ni huyu Abuzar, mpwa wangu. Na wa ndani ana haki kabla ya wa nje. Hata kanuni ya thelathini na moja imekaa hivyo hivyo ukiisoma vizuri."

Abuzar akaangalia viatu vyake kwa bidii zaidi.

Mwajabu akamtazama shangazi yake pembeni, akaijua ile sura. Shangazi alikuwa amenaswa na kazi yake mwenyewe. Kwenye posa thelathini na moja alikuwa amekutana na binamu wa ndani mara nyingi, na mara zote njia ilikuwa moja.

"Ikifika hapo," akasema shangazi polepole, "anaulizwa mwenyewe."

"Mwenyewe fleti?" akauliza mwenyekiti.

"Fleti haina mdomo. Aulizwe mwenye mali."

"Safi," akasema Mzee Mwinjuma. "Anaulizwa mara tatu. Akinyamaza, ameridhia. Ndivyo walivyoulizwa mama zetu, ndivyo tutakavyouliza sie."

Naye akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mwajabu, mjukuu wangu. Umeridhia fleti yako ikae na Abuzar? Hiyo ya kwanza."

Mwajabu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliisikia midundo ya singeli kutoka duka la jirani, akasikia mtu wa ghorofa ya pili akivuta chai. Aliona mashine ya tano imekaa roshani na kilua kimepinduliwa kichwa chini. Neno lilikuwepo, alilihisi limekaa kooni, dogo tu, lakini lilikuwa linaona haya.

"Amenyamaza," Mzee Saifuddin akasema kwa furaha. "Malezi mazuri haya."

"Mtoto wa Pwani huyo," mtu akajibu kutoka juu.

"Umeridhia fleti yako ikae na Abuzar? Hiyo ya pili."

Shangazi akamkanyaga mguu. Mwajabu akatoa sauti, lakini ilikuwa ya mguu. Mzee Mwinjuma akangoja kwa adabu, akaandika kitu. Jasho lilimtoka Mwajabu mpaka kwenye vidole. Akafikiria kilo zake mbili za chumvi. Akafikiria zile kilo mbili nyingine.

"Umeridhia—"

"Sijaridhia," akasema Mwajabu.

Ilikuwa sauti ndogo, lakini maegesho yalikuwa kimya na ikafika mpaka ghorofa ya nne. Mzee Mwinjuma akabaki na mdomo umekaa kwenye neno lililokatwa.

"Amesema nini?" akauliza mwenyekiti.

"Amesema sijaridhia," akajibu katibu, na kalamu yake ikazunguka juu ya daftari kama nzi asiyejua pa kutua. "Bi Mwanakombo, hii inaandikwaje?"

"Sijui," akasema shangazi. "Thelathini na moja zote hakuna aliyewahi kujibu."

"Nampa Tusajigwe," akasema Mwajabu, na sasa neno la kwanza lilipotoka yale mengine yakalifuata mbio, kama watoto waliofunguliwa mlango. "Watu saba wamekuja, na yeye peke yake ndiye aliyegusa udongo. Hajauliza gari litalala wapi. Alisema kilua kina kiu, na kweli kilikuwa na kiu, nilikuwa nimesahau siku mbili kwa ajili ya kulia. Mashine za kukimbilia sizitaki. Shikamoo, Mzee Saifuddin."

Ile shikamoo ilitoka mwishoni kwa sababu alikuwa ameisahau mwanzoni.

"Marahaba," akasema Mzee Saifuddin, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuijibu, na baada ya kuijibu aliona hawezi tena kukasirika vizuri. Akamgeukia mpwa wake. "Umesikia? Wewe ndiye unayekataliwa. Sema kitu, mwanangu."

Abuzar akainua kichwa kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Mjomba, na mie sijaulizwa," akasema.

Roshani zikanong'ona. Mzee Mwinjuma, aliyependa haki, akasimama tena na kufunga kifungo. "Abuzar, umeridhia—"

"Hapana." Hakungoja hata ya kwanza iishe. "Mie sina hizo mashine. Mjomba alisema tu siku moja kwenye chakula, watu wakafurahi, nikaona aibu kuwaharibia. Mie naishi na mama, na nimemzoea."

Mzee Saifuddin akalifungua jalada, akalipekua kutoka kanuni ya kwanza mpaka ya arobaini na saba. Hakukuwa na hata moja inayosema kamati ifanye nini pale watu wawili wanapojua wanachokitaka. Akalifunga. Akala kashata yake, ambayo muda wote alikuwa ameishika kwa heshima.

"Basi apewe nesi," akasema. "Katibu, andika."

"Bado yeye," akasema Mzee Mwinjuma. "Tumeuliza wote, tutamwachaje? Tusajigwe, umeridhia kukaa fleti namba kumi na moja na kuzifuata kanuni zake arobaini na saba? Hiyo ya kwanza."

Tusajigwe akakoroma kwa upole.

"Ya pili," akasema Mzee Mwinjuma, akitabasamu. "Ya ta—"

"Hapana, babu," akasema Mwajabu. Ilikuwa mara ya pili kumkatiza mtu siku hiyo, na hii ilikuwa rahisi kidogo. "Tumwamshe kwanza."

Wakamwamsha. Ilichukua muda, na kashata. Alipoelezwa kwamba amekubaliwa alisema "ndaga" kwa Kinyakyusa, kisha asante kwa wote waliokuwa wakimtazama kutoka juu, kisha akajipangusa uso kwa ncha ya kanga na kukaa wima kama anayepokea ripoti ya wodi.

"Naridhia," akasema. "Kanuni nimezisoma siku nilipokuja, zote, nilikuwa nangoja dada ashuke kunifungulia. Kuku sina, bata sina. Nina swali moja tu kabla sijasaini. Maji yanapanda ghorofa ya tatu kila siku?"

Swichi ya pampu ilikuwa kwenye kabati la Mzee Saifuddin, na aliiwasha Jumanne na Jumamosi, akikumbuka. Mzee Saifuddin akalitazama tangi. Mzee Mwinjuma akatazama daftari. Abuzar, kwa mazoea, akatazama viatu.

"Nauliza kwa ajili ya yale makopo," Tusajigwe akaongeza. "Kile kilua hakina subira. Kila siku?"

Hakuna aliyejibu. Huko juu hata chai haikuvutwa tena.

"Wazee wangu," akasema Tusajigwe kwa mara ya tatu, kwa upole ule ule anaowaulizia wagonjwa kama wamemeza dawa. "Yanapanda kila siku?"

Kimya.

Mwajabu akamtazama shangazi yake, na shangazi akamtazama yeye, na kwenye kona ya mdomo wa shangazi kitu kikaanza kucheza. Mwajabu akaona uso unamwaka moto. Akaanza kuinamisha kichwa, halafu hakukiinamisha.

"Babu Mwinjuma," akasema, "wameulizwa mara tatu. Wamenyamaza."

Mzee Mwinjuma akamtazama mwenyekiti wake. Mwenyekiti akafungua mdomo, akautafuta mlango wa kutokea, hakuuona. Katibu akalamba ncha ya kalamu, akafungua ukurasa mpya, na kuandika kwa herufi kubwa kwamba kamati, kwa kauli moja, imeridhia maji yapande kila siku.

Vigelegele vya shangazi Mwanakombo vilimwamsha jogoo wa namba tano.